Nikifumba macho naona giza tu: je, maneno nayaelewa au nayakariri?

Shikamoo Mjomba,

Pole na majukumu. Safu yako naisoma tangu niko sekondari, ila sijawahi kuandika kwa sababu kila nililotaka kuuliza nilikuta mwenzangu ameshaliuliza. Hili sijaona mtu akiliuliza.

Mimi ni binti wa miaka 23, nasoma ualimu chuo kikuu, na masomo yangu ya kufundishia ni Kiswahili na Historia. Sasa hivi niko kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya kata huku Kanda ya Ziwa, nimepewa kidato cha tatu. Juzi mada ilikuwa taswira katika ushairi. Nikaona nisiwaanzie na maana ubaoni, niwaanzie na zoezi. Nikawaambia wafumbe macho, nikawasomea sentensi niliyoitunga mwenyewe usiku wake: "Mzee Hamisi anavuta dau lake kuelekea pwani, jua linamuunguza kisogo." Halafu nikauliza, haya, mnaona nini?

Mjomba, darasa lilichangamka! Mmoja anaona dau la bluu lililobanduka rangi. Mwingine akambishia, eti halijapakwa rangi kabisa. Msichana wa mbele akasema mzee hana shati na maji yanamfika magotini. Mwingine anaona kamba imemkata viganja. Nikajisemea moyoni, leo somo limeingia. Ndipo kijana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye hakuwa amenyoosha mkono hata mara moja, akauliza: "Na wewe mwalimu, unaona nini?"

Nikafumba macho. Giza. Wala si giza la kutisha, ni lile lile la mtu anayetaka kulala. Nikadanganya kwamba naona bahari imetulia, nikageuka kufuta ubao.

Jioni nikawauliza wenzangu ninaokaa nao: ukisikia mtu anasema "embe", unaliona kweli, kwa kuona kabisa? Wakanitolea macho. Mmoja akasema anaona embe dodo limeiva, lina kovu jeusi karibu na kikonyo, na akitaka analigeuza upande wa pili. Mwingine alisema analiona ila hafifu, kama liko nyuma ya pazia. Mimi miaka yote hii nilidhani "jenga picha akilini" ni msemo tu, kama tunavyosema mtu yuko roho juu.

Huyo wa embe dodo, ambaye ndiye rafiki yangu hasa, akaniuliza: "Sasa kama huoni kitu, hilo neno embe unalielewaje? Si utakuwa unakariri tu kama kasuku?" Wakacheka, na mimi nikacheka, lakini usingizi haukuja. Nikaanza kuunganisha mambo. Nikisoma riwaya, yale maelezo marefu ya milima na machweo huwa nayaruka, nakimbilia mahali watu wanapozungumza. Kidato cha sita nilipata A ya Kiswahili. Sasa najiuliza kama niliielewa ile mitihani au nilikuwa na kumbukumbu nzuri tu.

Na kuna jingine linaloniuma zaidi. Bibi aliyenilea alifariki mwaka juzi. Najua alikuwa na mwanya, najua alivyokuwa akijifunga kanga, lakini nikitaka kumwona siwezi mpaka nichukue picha yake. Ndotoni namwona vizuri tu, nikiamka basi. Mtu uliyempenda unaweza kumsahau sura namna hii?

Nisaidie Mjomba. Huu ni ugonjwa? Maneno nayaelewa? Maana nimefikiria nikirudi chuo niombe kubadili somo, niache Kiswahili nichukue Jiografia, kabla sijaumbuka mbele ya wanafunzi.

Asiyeona embe,
Mwanza

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na swali la rafiki yako, maana ndilo lililokunyima usingizi, na ni swali zuri kuliko alivyojua mwenyewe. Watu wazima wenye akili zao wamelibishania kwa zaidi ya miaka 300. Mwanafalsafa John Locke wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1690, alisema maneno ni alama za mawazo yaliyomo kichwani mwa msemaji. Wengi waliokuja baada yake wakayachukua hayo mawazo kama picha: ukisikia neno, picha inakujia, na hiyo picha ndiyo maana. Rafiki yako yuko kambi hiyo bila kujijua. Mimi naona kambi hiyo inakosea, na ushahidi umeuandika wewe mwenyewe kwenye barua yako.

Litazame darasa lako. Kuna dau la bluu, kuna dau lisilo na rangi, kuna mzee kifua wazi majini, kuna viganja vinavyotoka damu. Je, wanafunzi wale walielewa sentensi nne tofauti? Ungewauliza nani anavuta, anavuta nini, anaelekea wapi, wote wangekujibu jambo moja. Picha zilitofautiana, maana ikabaki ile ile. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja, Gottlob Frege, alisema hivyo hivyo kwa mfano wa Bucephalus, farasi wa Aleksanda Mkuu: mchoraji, mpanda farasi na mtaalamu wa wanyama wakilisikia jina hilo kila mmoja ana picha yake kichwani, lakini wote wanamzungumzia farasi huyo huyo mmoja. Picha ni mali ya mtu binafsi. Maana tunaigawana, la sivyo tusingeelewana hata bei ya nyanya.

Sasa ichukue picha yenyewe uikague. Mzee ameshika kamba, nyuma yake dau, chini mchanga na maji. Anavuta kuelekea pwani au anajaribu kulizuia lisisombwe na maji? Ukiitazama picha iliyosimama, huwezi kujua. Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein alilisema hili katika kitabu kilichotoka mwaka 1953, yeye akitumia picha ya mzee anayepanda mlima kwa mkongojo: nani kakwambia hateremki kwa kuteleza kinyumenyume? Picha inahitaji mtu wa kuielewa kwanza. Na embe la rafiki yako ni hivyo hivyo. Lile dodo lenye kovu linaweza kuwa picha ya neno "embe", na pia ya "tunda", ya "dodo", ya "bivu", hata ya "kovu". Kitu gani kinamwambia kwamba hapa ni "embe" na si mojawapo ya hayo mengine? Ni yale anayoyajua kuhusu neno lenyewe, na hayo wewe unayo yote. Unajua embe bichi lisilofanana hata kidogo na lile dodo lake nalo ni embe. Unajua kwamba la udongo lililopakwa rangi mezani si embe la kula. Unajua achari inatoka wapi na msimu ukiisha bei inakuwaje. Kasuku hajui hata moja kati ya hayo, kwa hiyo akikutania tena mwulize ni kasuku gani anayejua kuchagua embe sokoni.

Halafu mpe mtihani mdogo. Mwambie afumbe macho akwambie anaona nini ukisema "ingawa". Au "deni". Au "keshokutwa". Mwambie akuchoree tofauti kati ya "angekuja ningempa" na "akija nitampa", au akuonyeshe mzee Hamisi ambaye hakuvuta dau. Atacheka, lakini tofauti hizo anazielewa barabara kila siku, na anazielewa kwa namna ile ile unayozielewa wewe: anajua neno linaruhusu nini, linakataza nini, na baada yake kitafuata nini. Nusu nzima ya mazungumzo yetu ni maneno ya aina hiyo. Descartes naye, mwanafalsafa wa Ufaransa, mwaka 1641, alitoa mfano wa umbo lenye pande elfu moja. Hakuna anayeweza kuliona akilini tofauti na lenye pande mia tisa, lakini kila aliyesoma hesabu analielewa sawasawa na pembetatu.

Kitendawili ndicho kinachoniridhisha zaidi kuliko wanafalsafa wote hawa. "Nyumba yangu haina mlango." Mtoto anayeganda kwenye picha ya nyumba, paa la makuti, kuta za udongo, baraza, ataombwa mji mpaka kuche. Anayefika kwenye yai ni yule aliyeiachia picha akashika jambo lenyewe: kitu kinachomfunga aliyemo ndani pande zote. Unaweza kusema baada ya kupata jibu picha ya yai inamjia. Sawa, imekuja baada ya kuelewa.

Kuna watafiti wawili wa Marekani, Barbara Landau na Lila Gleitman, walioandika mwaka 1985 kuhusu mtoto mdogo wa kike aliyezaliwa bila kuona. Wengi wangedhani neno "tazama" kwake ni kelele tupu. Wakamwambia aguse kitu ila asikitazame: akakigonga kidogo kwa mkono basi. Wakamwambia sasa kitazame: akakipapasa pande zote, akichunguza kila kona. Wakamwambia "tazama juu": akanyanyua mikono, kichwa akakiacha pale pale. Mtoto yule alishaelewa kwamba kugusa ni jambo moja na kutazama ni kuchunguza, kila mtu kwa kiungo alicho nacho. Locke aliwahi kumsimulia kipofu aliyedhani rangi nyekundu ni kama sauti ya tarumbeta, akitaka kuonyesha kwamba asiyeona hawezi kulipata neno la rangi. Siku hizi Marina Bedny na wenzake, huko huko Marekani, wamewahoji watu wazima waliozaliwa vipofu, wakakuta wanajua mengi kuhusu rangi na umbo la vitu, hata sababu za kitu fulani kuwa na rangi fulani. Mengi ya hayo wameyapata kwa kusikia watu wakizungumza na kwa kufikiri.

Hapo nimekutetea. Sasa nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa: picha zina kazi, na usiruhusu mtu akwambie hazina. Mwaka 2001 watafiti waliwapa watu sentensi inayosema mtu amepigilia msumari ukutani, au sakafuni, kisha wakawaonyesha picha ya msumari uliolala au uliosimama. Picha iliyoendana na sentensi ilitambulika upesi zaidi, ingawa hakuna aliyeambiwa awaze chochote. Mwaka 2004 wengine walipima ubongo wa watu wanaosoma vitenzi, wakaona neno la mguu, kama kupiga teke, linaamsha sehemu karibu na zile zinazoendesha mguu, na neno la mdomo sehemu za mdomo. Kwa hiyo mwili nao unasikiliza. Wataalamu bado wanavutana kama hiyo ndiyo maana yenyewe au ni kitu kinachofuata baada ya maana kuingia. Mimi nakaa upande wa hao wa pili, na sababu yangu nitakupa punde. Allan Paivio wa Kanada naye alionyesha tangu zamani kwamba maneno ya vitu tunavyoviona, kama jembe, hukumbukwa kwa urahisi kuliko ya mambo tusiyoyaona, kama subira. Alieleza kwamba ya kwanza tunayahifadhi kwa njia mbili, neno na picha.

Na hisia je? Mwaka 2021 katika Chuo Kikuu cha New South Wales, Sydney, watu waliketishwa gizani wakasomeshwa visa vya kutisha, huku vifaa vikipima jasho la ngozi. Wanaoona picha akilini, jasho lilipanda kadiri kisa kilivyoendelea. Wasioona, karibu hakuna kitu. Lakini walipoonyeshwa picha halisi za kutisha, makundi yote mawili yalishtuka. Hao wasioona walikielewa kisa, ila hakikuwatia baridi. Nadhani hapo umejitambua, wewe unayeruka machweo ya jua. Wali wako hauna nazi, mwanangu, lakini ni wali, umeiva na unashibisha.

Ugonjwa? Hapana. Mwaka 1880 Francis Galton wa Uingereza aliwaomba watu wakumbuke meza waliyonywea chai asubuhi ile, wamwambie mwanga ulikuwaje na rangi zilikuwaje. Alianza na wanasayansi aliowafahamu, na kwa mshangao wake wengi wao wakamjibu kwamba hawaoni chochote, na kwamba walidhani watu wanaosema "naona akilini" wanaongea kwa mafumbo. Ulidhani ni msemo tu, na wao walidhani hivyo hivyo. Jambo likasahaulika kwa zaidi ya karne nzima, mpaka Adam Zeman, daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu wa Chuo Kikuu cha Exeter, alipolipa jina afantasia mwaka 2015. Makadirio yanasema katika kila watu 100, kati ya 1 na 4 wako hivyo, wengine hawaoni kabisa, wengine hafifu sana. Yule mwenzako wa pazia yuko mahali fulani katikati. Wapo pia waliozidi upande wa pili, wanaoona akilini karibu kama wanavyoona kwa macho. Na usidhani ni kujitia: watafiti wa Sydney wamepima mboni za macho. Mtu wa kawaida akiwaza kitu chenye mwanga mkali mboni zinasinyaa kidogo, kama vile mwanga upo kweli. Za watu wa aina yako hazisinyai. Wengi wao, kama wewe, ndotoni wanaona vizuri, kwa hiyo mitambo ya kuonea ipo. Kinachokosekana ni kuiwasha kwa kutaka.

Zeman alifika huko kwa sababu ya mgonjwa mmoja, mpima majengo mstaafu mwenye miaka 65, ambaye baada ya kuzibuliwa mshipa wa moyo alikuta picha zote za akilini zimezima. Taarifa yake ilitoka mwaka 2010, na magazeti yalipoiandika, watu 21 wakajitokeza kusema wao wamezaliwa hivyo. Hii ndiyo sababu niliyokuahidi. Mzee yule zamani alikuwa akiona picha nzuri tu, mara zikatoweka zote kwa pamoja. Kama maana ya neno ingekuwa picha, angepoteza na maneno, angebaki anashangaa "mlango" ni kitu gani. Hakupoteza neno hata moja. Alieleza majengo na mitaa ya mji wake kwa undani ule ule, akasema anayakumbuka yote, ila hayaoni. Sijakutana na hoja ya kambi ya picha inayompita mzee huyu. (Yeye alikuwa na sababu ya kwenda hospitali, na yeyote anayesoma hapa ambaye picha zake zimezima ghafla, hasa baada ya kuumia kichwa au kuugua, naye aende. Wewe uliyezaliwa hivyo huna cha kutibu.)

Kuhusu bibi yako nitasema machache, kwa kuwa hapo hakuna fumbo. Hujamsahau. Umeniandikia mwanya wake na ufungaji wake wa kanga, na mimi sijawahi kumwona lakini sasa namjua kidogo. Ni kweli kwamba watu wenye afantasia wengi hukumbuka mambo ya nyuma bila ule uhai wa kuyaishi tena, na baadhi hupata tabu kutambua sura za watu. Lakini kuna utafiti wa Chicago wa mwaka 2021 ambapo watu waliambiwa wachore vyumba walivyoonyeshwa kwa muda mfupi. Wasioona picha akilini walichora vitu vichache na rangi kidogo, ila walivipanga mahali pake sawasawa na wenzao, na mara chache sana walichora kitu ambacho hakikuwemo. Wenye picha ndio walioongeza vyao. Picha ya bibi iweke karibu, usione haya kuitazama kila siku. Ulizia pia kwa mama zako wadogo na shangazi zako kama kuna mwenye sauti yake kwenye simu. Wapo watu wa aina yako ambao sauti huisikia akilini vizuri hata kama sura haiji, jaribu uone wewe uko wapi.

Turudi darasani, kwa sababu kazi bado unayo. Zoezi lako halikuwa baya, swali ndilo lililokuwa la upande mmoja. "Mnaona nini?" linajibiwa na anayeona tu, na tena jibu lake huwezi kulisahihisha: nani atamwambia mtoto dau lake si la bluu? Uliza badala yake, "Umejuaje?" Sentensi yako yenyewe ni nzuri, ipasue. Neno gani limetwambia mzee ameinama? Hakuna mahali palipoandikwa kwamba ameinama, lakini jua linapiga kisogo, na kwa mtu anayevuta kitu kizito kisogo kinafika juu pale mgongo unapokunjwa. Kwa nini "linamuunguza" na si "linamwangaza"? Kwa nini "lake"? Ondoa "lake" usome tena, utaona mzee amegeuka kibarua. Na taswira zenyewe haziishii machoni: kuna ya mguso, ya sauti, ya harufu, ya ladha. Hiyo kamba iliyokata viganja, yule mwanafunzi aliisikia kwenye ngozi. Mtihani wa taifa nao haumwulizi mtahiniwa ameona rangi gani. Unamtaka ataje maneno yaliyotumika na kazi yaliyoifanya. Mwalimu anayeshinda kwenye picha zake mwenyewe analisahau hilo kwa urahisi. Wewe huna pa kukimbilia ila kwenye maneno, na hilo wanafunzi wako watalifaidi.

Kisha yule kijana wa dawati la nyuma. Umesema hakuwa amenyoosha mkono hata mara moja, halafu akauliza wewe unaona nini. Umemchukulia kama mchokozi. Mimi nimesoma mara mbili nikawaza vingine. Darasa zima limefumba macho linashindana rangi za dau, yeye kanyamaza, kisha anamwuliza mtu pekee ambaye hajajibu. Kwa makadirio niliyokupa, darasa la wanafunzi 60 lina uwezekano mkubwa wa kuwa na mmoja au wawili kama wewe. Sikwambii umwite pembeni umhoji. Kipindi kijacho sema tu, kwa sauti ya kawaida, kwamba watu wengine wakifumba macho wanaona picha na wengine hawaoni, na kwamba mwalimu wao ni mmoja wa hao wa pili, na shairi analielewa vile vile. Ile bahari iliyotulia uiache ipite, haikumdhuru mtu. Na ukitaka mfano wa kuwapa, Ed Catmull, mmoja wa waanzilishi wa Pixar, kampuni iliyotengeneza filamu za katuni zinazojulikana dunia nzima, amesema hadharani kwamba akilini haoni picha. Aliwauliza wafanyakazi wake akakuta hata baadhi ya wachoraji wake hodari wako hivyo hivyo.

Rafiki yako msamehe, alikuwa anashangaa tu kama ulivyoshangaa wewe. Mwulize zaidi. Mtu anayeweza kugeuza embe kichwani akaona upande wa pili ana mengi ya kukusimulia, na wewe una mengi ya kumsimulia.

Sasa Jiografia. Sijui nani alikwambia huko hakuna picha, maana siku ya kwanza tu utakutana na ramani. Na ukweli ni kwamba ungezimudu, kwa sababu kujua kitu kiko wapi na kukiona akilini ni mambo mawili, hata yule mpima majengo alipopewa mafumbo ya kugeuza maumbo kichwani aliyapatia, ila alichukua muda zaidi. Kwa hiyo kama unaipenda Jiografia, omba. Lakini barua yako nzima inazungumzia ushairi, riwaya, sentensi uliyoitunga usiku, na A uliyoipata. Jiografia umeitaja mara moja tu, mwishoni, ukiwa unakimbia. Maliza mazoezi kwanza, fundisha ile mada upya kama nilivyokueleza, na fomu ya kubadili somo usiiguse mpaka urudi chuo kichwa kimetulia. Hizo kurasa za milima na machweo endelea kuziruka, wapo walimu wengi wa Kiswahili wanaoziruka kimyakimya.

Mjomba